Mshipi, Chubwi na Nzi: Uhakiki wa Baadhi ya Istilahi za Uvuvi

Mbele yetu pana rasimu ya tafsiri ya mwongozo wa uvuvi wa kujifurahisha, iliyoletwa ili tuisome na kutoa maoni. Hatutamtaja aliyeitayarisha, kwani makosa yaliyomo ni yale yale tunayoyafanya sote tunapofasiri tukiwa tumeketi ofisini, mbali na kitu chenyewe. Sura moja ya mwongozo huo yahusu namna ya kuvua trauti na besi kwa mshipi unaoshuka chini ya maji, na mfasiri ameipa kichwa hiki: "Uvuvi wa nzi kwa laini ya kuzama". Kila neno hapo limekwisha kuzoeleka katika Kiswahili, na sarufi yake haina ila inayoonekana kwa haraka. Hata hivyo mvuvi wa Kojani akisomewa kichwa hicho ataelewa kwamba wako watu duniani wanaovua nzi, na kwamba chombo chao cha kuvulia kimekwisha kupotea baharini.

Lau jambo hili lingekuwa la mwongozo mmoja tu tungelisahihisha kwa kalamu nyekundu na kulinyamazia. Lakini mwishoni mwa rasimu imeambatishwa orodha ya istilahi, na imeelezwa kwamba orodha hiyo imekusudiwa itumike pia katika fomu za leseni na katika vitabu vya kufundishia, kisiwani Pemba na kwingineko. Hapo ndipo tulipoona yatupasa kuihakiki hadharani. Neno baya katika kitabu cha burudani humchekesha msomaji, bali neno baya katika leseni laweza kumgharimu mtu riziki yake.

Kwanza tukielewe kitu chenyewe

Mfasiri hawezi kukitafutia jina kitu asichokijua kinavyofanya kazi. Katika uvuvi tuuzoeao mwambaoni, uzito uko mwishoni mwa mshipi. Mvuvi hufunga ndoana na chambo, hutia chubwi la risasi au la jiwe, kisha huachia mshipi ushuke. Uzito wa chubwi ndio unaoupeleka mshipi chini, na mshipi wenyewe ni njia tu ya kuunganisha mkono na ndoana.

Katika uvuvi uzungumzwao na mwongozo huu mambo ni kinyume. Chambo ni kitu chepesi mno: manyoya na nyuzi zilizofungwa juu ya ndoana ndogo ili zifanane na mdudu au kisamaki. Hakiwezi kurushwa mbali kwa uzito wake. Kwa hiyo uzito umetiwa katika mshipi wenyewe, ambao ni mnene na umefunikwa kwa ngozi ya plastiki. Mshipi ndio urushwao kwa ufito, na chambo hufuata. Ipo mishipi ya aina hii inayoelea juu ya maji, na ipo ambayo plastiki yake imechanganywa na unga wa madini mazito, kama vile tungsteni, ili ishuke. Ile inayoshuka hupangwa kwa kasi yake ya kushuka, yaani inchi ngapi kwa kila sekunde. Mvuvi huhitaji mishipi hiyo kwa sababu trauti na besi hawakai juu ya maji wakati wote. Jua likiwa kali, au maji yakiwa ya baridi sana, hushuka chini, na anayepitisha chambo juu ya vichwa vyao hurudi mikono mitupu.

Samaki hao wawili ni wageni katika Afrika Mashariki. Trauti waliletwa Kenya mwaka 1905 na kutiwa katika mto Gura, katika milima ya Nyandarua. Besi walitiwa katika ziwa Naivasha mwaka 1929. Pemba haina mto wa baridi wala ziwa la kuwalea. Basi msomaji ataka kujua kwa nini tunaileta Pemba katika habari hii. Jibu letu ni kwamba samaki ni wageni, lakini kazi ya kumfuata samaki aliyeko chini si ngeni. Mkondo wa bahari utenganishao Pemba na Bara una kina cha mamia kadhaa ya mita, na katika sehemu nyingi za pwani ya magharibi ya kisiwa hicho miamba huporomoka ghafula hata maji marefu. Watu walioishi kando ya maji hayo hawakukosa maneno ya kushusha mshipi. Mfasiri wetu ndiye ambaye hakuyauliza.

Nzi

Tuanze na kosa lililo wazi. Katika Kiswahili, maneno "uvuvi wa" hufuatwa na kitu cha namna mbili. Ama huwa ni samaki anayevuliwa, kama katika uvuvi wa pweza, uvuvi wa jodari, uvuvi wa dagaa. Ama huwa ni chombo au njia, kama katika uvuvi wa mshipi, uvuvi wa dema, uvuvi wa jarife. Msikilizaji huamua maana kwa kukijua kitu chenyewe. Pweza ana uhai na huliwa, kwa hiyo ndiye avuliwaye. Dema ni chombo, kwa hiyo ndicho kivuliacho. Nzi ana uhai na si chombo. Ndiyo maana "uvuvi wa nzi" hueleweka kama kuvua nzi, na hakuna maelezo ya chini ya ukurasa yawezayo kuiondoa picha hiyo akilini.

Zaidi ya hayo, jina hilo si la kweli hata katika lugha lilikotoka. Vyambo vingi vya aina hiyo havifanani na nzi hata kidogo, bali huiga visamaki, kamba, viluwiluwi na wadudu wa majini. Wazungu wamebaki na jina la kale kwa mazoea yao, nasi hatulazimiki kurithi mazoea hayo. Kitu hicho ni chambo kisicholiwa, kilichofungwa kwa manyoya, na wazo hilo nalo si geni: wavuvi wa mwambao wanaofuata nguru na jodari hufunga vitambaa vyeupe, nyuzi za nailoni na manyoya juu ya ndoana ili samaki adhani ni kidagaa kinachokimbia. Twapendekeza basi "chambo cha manyoya" kwa kitu chenyewe, na "uvuvi wa chambo cha manyoya" kwa kazi yake. Jina hilo ni refu kidogo kuliko "nzi", lakini mwanafunzi akilisikia mara ya kwanza ataelewa, na hilo ndilo lengo la istilahi.

Laini

Neno "laini" mfasiri amelitumia mara nyingi mno katika rasimu yake. Kiswahili kina neno "laini" lenye maana ya kutokuwa gumu, na kina "laini" nyingine iliyoingia kwa njia ya simu. Sasa twaletewa ya tatu, ya kuvulia samaki. Mtu akiambiwa anunue "laini laini" asishangae akirudi na kadi ya simu.

Neno letu ni mshipi, na twaamini mfasiri alilijua. Huenda aliliepuka kwa sababu mshipi ni pia kitu cha kufunga kiunoni, akaona si vyema neno moja libebe mizigo miwili. Hofu hiyo twaielewa, lakini haina msingi. Kwanza, mshipi wa kiunoni katika matumizi ya siku hizi mara nyingi huitwa mkanda. Pili, hakuna sentensi ya uvuvi ambamo mtu atachanganya vitu hivyo viwili: anayeshusha mshipi baharini hashushi suruali. Tatu, mfasiri aliyekimbia neno lenye maana mbili amekimbilia neno ambalo kwa tafsiri yake limekuwa na maana tatu.

Mahali pengine katika rasimu hiyo hiyo, mshipi umeitwa "kamba". Hili ni baya zaidi. Kamba ni ya kufungia chombo, ya nanga, ya kuanulia tanga; na kamba mwingine ni mnyama wa baharini ambaye mwenyewe hutumiwa kuwa chambo. Mwalimu ajaribu kuwaeleza watoto sentensi isemayo "funga kamba mwishoni mwa kamba" na aone darasa litakavyokuwa.

Kuzama

Hapa twaingia katika jambo gumu zaidi, na twakiri kwamba sisi wenyewe tulibishana. Baadhi yetu walisema kwamba kinyume cha kuelea ni kuzama, kwa hiyo "mshipi wa kuelea" na "mshipi wa kuzama" ni jozi nzuri, na lawama yoyote hapo ni ya kutafuta. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini yafaa tusikilize jinsi lugha inavyosema yenyewe. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Katika methali hiyo "cha kuzama" si chombo kilichotengenezwa ili kizame, bali ni chombo kilichoandikiwa kupotea, ambacho nahodha hawezi tena kukiokoa. Kitu kikizama kimeondoka mikononi mwa mwenyewe. Ilhali mshipi tunaouzungumzia hauondoki mkononi hata kidogo. Mvuvi huuhesabia sekunde, huujua umefika wapi, na huurudisha apendapo. Hauzami, bali hushuka, na hushushwa.

Mwenzetu mmoja alipendekeza "mshipi mzito", kwa kuwa uzito ndio unaoupeleka chini. Pendekezo hilo twalikataa kwa sababu ya ufundi. Mishipi ya kurusha chambo cha manyoya hupewa namba kufuatana na uzito wa sehemu yake ya mwanzo, ili mvuvi ajue ufito upi unaufaa mshipi upi. Mshipi wa namba 5, kwa mfano, una uzito wa gramu 9 hivi katika mita 9 za mwanzo. Na hiyo namba 5 yaweza kuwa ya mshipi unaoelea na ya mshipi unaoshuka pia. Yote miwili ina uzito ule ule katika mizani; tofauti ni kwamba ule unaoshuka ni mwembamba zaidi na umeshindiliwa zaidi, na maji hayawezi kuubeba. Tukiuita "mshipi mzito" tutamfanya msomaji aamini kwamba unaoelea ni mwepesi kuliko huo, na atanunua ufito usiofaa. Istilahi hiyo ingekuwa rahisi kukumbuka na mbovu kutumia.

Kwa hiyo twapendekeza "mshipi wa kuelea" na "mshipi wa kushuka", na kwa ile hesabu ya inchi kwa sekunde, "kasi ya kushuka". Kina ambacho mshipi umefikia hakina haja ya istilahi mpya. Mvuvi wa Pemba hupima kwa pima, ambayo ni mikono 4 au futi 6, karibu mita 1.8. Kitabu cha shule kiandike mita, lakini kisione haya kutaja pima kando yake.

Chubwi nalo yafaa litajwe hapa. Mfasiri ameliita "uzito wa kuzamishia", maneno matatu kwa kitu chenye jina moja la tangu zamani. Kiswahili kimeutofautisha uzito wa uzi mara tatu, kwa kufuata kazi. Wa mvuvi ni chubwi. Wa nahodha apimaye kina cha maji ni bildi. Wa mwashi anyoshaye ukuta ni timazi. Vitu vitatu vinavyofanana kwa umbo, na lugha imekataa kuvichanganya kwa sababu watu watatu wanavitumia kwa nia tatu. Lugha yenye upambanuzi wa namna hii haihitaji kuhurumiwa na mfasiri.

Majina ya samaki

Mfasiri amewaacha trauti wabaki trauti, na amefanya vyema. Lakini besi amewaita "chewa". Chewa ni samaki wa baharini, wa miambani, mwenye kichwa kikubwa, ajulikanaye kwa kila mpishi wa Chake Chake na Mkoani. Besi wa Naivasha ni samaki wa maji matamu kutoka Marekani. Tukiandika kwamba Naivasha kuna chewa, mwanafunzi wa Pemba atakuwa amejifunza jambo la uongo kwa lugha yake mwenyewe, na haoni njia ya kulitambua kuwa ni uongo kwa sababu neno analijua. Neno geni humwonya msomaji kwamba mbele yake pana jambo geni. Neno la nyumbani lililowekwa pasipo pake humlaza usingizi. Samaki mgeni na aje na jina lake, likiwa limevikwa sauti za Kiswahili, mpaka wenyeji wa maji alimotiwa watakapompa jingine. Ndivyo alivyopata jina sangara, aliyetiwa katika ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na ambaye jina lake lilienea kwa vinywa vya wavuvi na wachuuzi, bila kikao cha kamati.

Neno lililotoka baharini likafika mbali

Wako watakaosema kwamba maneno ya wavuvi ni ya kishamba, hayafai kazi za kisasa. Tuwakumbushe habari ya neno "rambaza". Kwa mvuvi, kurambaza ni kuvua kwa kuukokota mshipi huku chombo kinakwenda, mtu akitafuta samaki walipo. Watunzi wa istilahi za kompyuta walipohitaji neno la kutembea katika intaneti ukitafuta habari, walilichukua hilo. Na leo "urambazaji" husemwa pia kwa kuongozwa kwa vyombo na ndege kwa njia ya setilaiti. Tena kile chombo cha kompyuta tunachokiita "kivinjari" kimetokana na kuvinjari, ambako nako ni kuzungukazunguka na chombo baharini. Maneno mawili ya bahari yamebeba teknolojia ya karne ya 21 wala hayakulemewa.

Furaha yetu hata hivyo ina doa. Siku hizi wako vijana walijuao neno "rambaza" katika kompyuta tu, na wakikutana nalo katika habari za uvuvi hudhani mwandishi amefanya mzaha. Kila neno linapohamishiwa kazi mpya, orodha zetu ziandike na kazi yake ya kwanza. Tusipofanya hivyo tutakuwa tumeazima kwa mvuvi bila kumrudishia.

Neno katika sheria

Sasa turudi kwenye lililotusukuma kuandika. Maji ya Pemba si maji ya kuvuliwa ovyo. Kisiwa cha Misali kilifanywa eneo la hifadhi mwaka 1998. Mwaka 2005 likafuata eneo kubwa zaidi la hifadhi la Mkondo wa Pemba. Na Zanzibar ina Sheria ya Uvuvi Na. 7 ya mwaka 2010. Uhifadhi wa namna hii husimama juu ya tofauti za vyombo vya kuvulia: kipi kiruhusiwe, wapi, na kwa kiasi gani. Tofauti hizo hufika kwa mvuvi kwa maneno tu.

Tutoe mfano. Mshipi wa mkono ni mmoja, una ndoana moja au chache, na mvuvi ameushika. Upo pia mshipi mrefu wenye ndoana nyingi, unaotegwa na kuachwa, ambao baadhi ya wavuvi wa mwambao huuita zulumati. Hivyo ni vyombo viwili tofauti kabisa kwa wingi wa samaki vinavyoleta. Katika orodha ya rasimu yetu, cha kwanza kimeitwa "laini ya mkono" na cha pili "laini ndefu". Tuseme sasa tangazo limebandikwa bandarini Wesha, lasema kwamba laini ndefu hazitumiki katika eneo fulani. Mzee mwenye mtumbwi, ambaye mshipi wake wa mkono una pima 60 kwa sababu maji anayovua yana kina hicho, atalielewaje? Ama atadhani yeye ndiye aliyekatazwa, abaki nyumbani. Ama mwenye zulumati atasema yeye hana laini, ana zulumati, aende zake. Tangazo litakuwa limemfunga asiyehusika na kumwacha ahusikaye, na hakuna wa kulaumiwa isipokuwa sisi tuliopitisha orodha.

Mahali pa kuuliza

Ipo kanuni tunayoijua sote, kwamba anayetafuta istilahi aanze na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha aende katika lugha nyingine za Kibantu na za Kiafrika, ndipo avuke nje. Twaihubiri kanuni hii na twaivunja, kwa kuwa kamusi ya kigeni iko mezani na mvuvi yuko mbali. Si kwamba hapakuwa na kazi ya kuanzia. A. H. J. Prins alitoa kamusi ya maneno ya ubaharia mjini Dar es Salaam mwaka 1970, na W. H. Whiteley aliandika juu ya lahaja za Pemba mwaka 1958. Hata hivyo vitabu hivyo ni vya wageni na ni vya zamani. Maneno ya vyombo vya nailoni na mashine yamezaliwa baada yake.

Wala hatusemi kila neno la Pemba liwe sanifu. Maneno hutofautiana baina ya Kojani na Mkoani, na mengine hayavuki kijiji. Lakini wavuvi wa Kojani huenda dago, yaani hupiga kambi za uvuvi miezi kwa miezi, katika pwani za Bara na hata Kenya. Neno lililosafiri nao na kukubaliwa huko limekwisha kusanifishwa na bahari kabla halijafika kwetu. Na palipo na maumbo mawili yanayoeleweka pande zote, kama ndoana na ndoano, hatuoni sababu ya kuliua moja.

Kwa muhtasari, twapendekeza orodha irekebishwe hivi: mshipi badala ya laini au kamba, mshipi wa kuelea na mshipi wa kushuka, kasi ya kushuka, chambo cha manyoya badala ya nzi, chubwi badala ya uzito wa kuzamishia, ufito wa kuvulia badala ya fimbo, besi badala ya chewa, mshipi wa mkono badala ya laini ya mkono, na zulumati badala ya laini ndefu, likifafanuliwa palipo na haja kuwa ni mshipi wenye ndoana nyingi. Mapendekezo haya nayo si amri. Kabla hayajapigwa chapa katika fomu yoyote, twaomba yasomwe kwa sauti mbele ya wale watakaoisaini fomu hiyo, pale pale bandarini, jioni vyombo vinaporudi. Neno ambalo mvuvi atauliza maana yake mara mbili tulirudishe mezani tulitengeneze upya.